Chui Mezani kwa Mounira

Jumamosi, tarehe 3 mwezi wa nane 2024

Katoni imefika! Yves ameileta kwa pikipiki toka Salamabila, imefungwa nyuma kwa mipira pamoja na bidoni, dumu la mafuta ya mawese. Vumbi limemfanya mwekundu mpaka kope. Kaka yangu Iliasi alinunua michezo hii Bujumbura, kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anahama na hakutaka kubeba mizigo. Iliasi ananijua. Dada za wengine wanaletewa vitenge. Mimi nashona vitenge vya watu kutwa nzima, nimeshavichoka. Niletee mchezo wa mezani.

Bidoni imevuja. Kona moja ya katoni inanuka kama sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Ndani kuna michezo mitatu. Wa kwanza ni wa kisiwa: unajenga nyumba na barabara, unabadilishana karata za mali na wenzako, tofali kwa kondoo. Wa pili ni wa magonjwa: wachezaji wote wanasaidiana ili ugonjwa usienee duniani. Wa tatu ni pakiti ndogo tu ya karata, picha za watu wa kijiji na mnyama mmoja wa meno. Huo nimeudharau. Kidogo hivi?

Sheria zote ni za Kifaransa, herufi kama mchanga. Nimekaa nazo mlangoni mwa atelie yangu ya kushona mpaka mteja mmoja akauliza kama nasomea udaktari. Nimesema ndiyo.

Jumapili, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Tumecheza ule wa kisiwa, mashine za kushonea zikasogezwa ukutani. Tulikuwa watano. Mimi. Binamu yangu Abdoul, anayeuza mafuta na sabuni sokoni. Aurélie, muuguzi wa wodi ya wazazi, rafiki yangu tangu shule. Octave, mwalimu kwenye shule ya kanisa. Na Yves, mdogo wake Octave, yule wa pikipiki.

Maoni yangu: aliyeutunga mchezo huu hajawahi kufika soko la Kasongo. Sheria zinasema "badilishaneni haraka." Haraka na Abdoul? Tofali moja limekula nusu ya alasiri. Kwanza alisema tofali lake ni la kuchomwa, si la jua. Kisha akataka nyongeza. Aurélie alipomtolea kondoo, akauliza kama kondoo huyo ana mimba.

Halafu mawese. Karata zilizolowa ni za kondoo, karibu zote, zina doa jekundu mgongoni. Abdoul alikuwa anajua nani anashika kondoo hata kabla mwenyewe hajajua. Nililiona hilo mapema sana. Sikusema kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa natazama madoa. Tumemaliza, yeye wa kwanza, mimi wa pili, na Octave anasifu akili ya familia yetu.

Hata hivyo ni bora mara mia kuliko ludo. Ludo — unatupa kete, unangoja, unalaumu. Mjinga na mwerevu wanafika pamoja. Na dame, ile drafti, wazee wa hapa wameigeuza kuwa matanga: hakuna kusema, hakuna kucheka, mtu anakohoa tu.

Jumatano, tarehe 7 mwezi wa nane 2024

Leo ule wa magonjwa. Kosa kubwa. Aurélie alikuwa ametoka kazini, hajavua hata viatu, akaanza kutuamrisha kama wagonjwa wake. Wewe nenda huku, wewe usiguse hicho. Yves alitaka kusafiri Brazili kwa raha yake tu, akafokewa. Mwisho dunia nzima imekufa na sisi ndani yake.

Abdoul amekasirika kweli. Anasema mchezo ambao wote mnashindwa pamoja, utamcheka nani? Nakubaliana naye. Huo ni mchezo wa watu wanaopendana kuliko sisi.

Jumapili, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Naomba radhi kwa ile pakiti ndogo. Ile ndiyo yenyewe!

Uko hivi. Kila mtu anapewa karata moja, anaitazama peke yake. Wote ni wanakijiji, ila mmoja ni mnyama. Mwenye kuongoza — ni mimi — anasema: usiku umeingia, fumbeni macho. Mnyama peke yake anafumbua, anamnyoshea kidole mtu wa kuliwa. Asubuhi inafika, wote wanafumbua, aliyeliwa anatoka mchezoni. Sasa waliobaki wanabishana: nani kafanya hivi? Kisha wote wananyosha kidole kwa pamoja, na mwenye vidole vingi anafukuzwa kijijini. Wakimfukuza mnyama, wameshinda. Wakimfukuza mtu bure, usiku unaingia tena.

Huna mali. Huna kete. Una ulimi wako na uso wako, basi.

Mnyama wa kwenye picha hatumjui hapa, mbwa fulani wa porini. Nikasema tumwite Chui. Octave akanishauri vizuri kabisa nisiseme chui, wazee wa huku wakisikia neno hilo wanasikia jambo lingine, wachawi wanaojigeuza usiku, afadhali paka wa porini. Paka! Nani ataogopa paka? Nimebaki na Chui.

Tulikosa mtu mmoja. Wakati ule ule Mama Victorine akaingia kuchukua blauzi yake niliyoitengeneza mkono. Ni mjane, anauza mikate ya mafuta chini ya barabara yetu, siku hizi anaiuza kwa wapita njia tu. Tangu mvua za mwezi wa nne. Radi iliua mbuzi wa Mama Léontine, jirani yake, na kwake haikuangusha hata jani. Watu wakaanza kusema radi ile ni yake. Hawamwambii yeye, hapana. Wanasema wakishampita.

Nikamwambia, Mama, kaa ucheze. Octave alitazama chini. Yves alitazama paa. Mama Victorine akauliza kama kuna kuinuka na kukimbia, magoti yake hayataki. Nilipomweleza sheria, akauliza:

"Kwa hiyo yule anayesemwa, iko na ruhusa ya kujibu?"

Nikasema huo ndio mchezo wenyewe. Akakaa.

Bado nacheka ninapoandika. Karata ya Chui ilimwendea yeye. Akamla Abdoul kwanza — asubuhi akamlilia! Akasema maskini, kijana mwenye mafuta mazuri vile. Kisha akamwonea huruma Octave kwa sauti ya chini, akasema hataki kumshuku mwalimu, ila mbona jasho linamtoka kipindi hiki cha kiangazi? Octave alikuwa anatoka jasho kwa sababu ya mashati yake ya polista. Wakamfukuza Octave. Akawamaliza wote mmoja mmoja kama njugu. Alipogeuza karata yake mwishoni, Aurélie alipiga meza kwa viganja viwili.

Mama Victorine alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Nimemfahamu tangu utoto wangu, sikujua kama ana mwanya.

Jumatatu, tarehe 12 mwezi wa nane 2024

Haya sasa.

Jana, kumbe, Mama Léontine alikuja kununua uzi. Alifika dirishani. Akaona watu wazima wamekaa duara, mchana mweupe, macho wamefumba wote, na mimi nimesimama katikati nasema: "Chui, amka. Chagua utakayemla." Akaona Mama Victorine anafumbua macho na kumwonyesha Abdoul kidole.

Hakununua uzi.

Asubuhi soko zima linajua. Kwenye meza za samaki wanasema ninafundisha uchawi. Kwenye meza za mchele wanasema Mama Victorine ndiye mwalimu, mimi natoa nyumba tu. Abdoul amepigiwa simu na shangazi yake toka Kabambare kuulizwa kama bado anapumua. Akamwambia anajisikia mzito kidogo begani. Mpumbavu yule! Anaona ni utani.

Mteja mmoja amekuja kuchukua kitenge chake ambacho sijakikata. Mwingine amekuja, amefunga mlango, ameuliza kwa kunong'ona kama Jumapili kuna nafasi.

Alhamisi, tarehe 15 mwezi wa nane 2024

Nimeitwa kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Bwana Abedi ni mtu wa heshima, mpole, mashati yake nashona mimi mwenyewe, kola ngumu. Leo hakuniambia hata habari ya kola.

Mama Léontine alikuwa amekaa pale, mikono juu ya mapaja. Alishamweleza yote. Tangu mvua anaomba Mama Victorine arudishwe Wamaza kwa kaka zake, na shefu alikuwa anasogeza tu: ngoja kiangazi, ngoja mavuno. Sasa mama huyu anasema kiangazi kimefika na ushahidi nao umefika.

Nilitaka kucheka nikaona si mahali pake. Mama Léontine hachezi. Mbuzi wale ndio walikuwa wanalipia watoto shule, na mtu akipoteza kitu kikubwa anataka kuwe na mtu aliyekichukua. Radi huwezi kuiita kwa shefu.

Nikamweleza shefu kwamba ni karata, nikazitoa mfukoni, nikazipanga mbele yake. Alizitazama bila kuzigusa. Akauliza kama kuna pesa inachezewa. Hakuna. Akauliza kama kuna kuapa. Hakuna. Akauliza basi mnapata nini?

Nikasema, bwana shefu, njoo Jumapili ucheze, ndipo uhukumu. Mama Léontine naye aje. Mdomo wangu huu — siku nyingine ningeushona.

Shefu akafikiri. Akasema atakuja. Na shauri la Mama Victorine atalimaliza palepale, mbele ya watu, lisiendelee kuoza.

Ijumaa, tarehe 16 mwezi wa nane 2024

Nimemwendea Mama Victorine. Alikuwa anachuja mafuta. Nikamwambia yote, hata neno la Wamaza. Hakushtuka, inaonekana alishalisikia kwa njia zake. Akasema haji kwenye mchezo, wala Wamaza haendi. Kaka zake wamekufa wawili, aliyebaki ana mke asiyempenda, na yeye nyumba yake iko hapa.

Nikainuka kuondoka. Akaniuliza kama shefu atakuwa anatazama tu au atacheza na yeye. Nikasema atacheza, atapewa karata kama kila mtu.

"Basi nitakuja."

Jumapili, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Naandika haraka, kwenye chumba cha nyuma, juu ya meza ya kukatia. Mchezo umesimama kidogo kwa sala ya alasiri. Mimi siko na sala siku hizi mbili, na kama sitaandika kichwa kitapasuka.

Kuanzia mwanzo.

Watu wamekuja wengi mno. Dirisha limejaa vichwa. Wengine wameleta viti vyao kama wanakuja kwenye mpira. Mezani: shefu, Mama Léontine, Mama Victorine, Abdoul, Aurélie, Octave, Yves. Viti viwili pembeni mwa Mama Victorine vilibaki vitupu mpaka Aurélie akavuta kimoja, akakaa, akaweka mkoba wake juu ya cha pili.

Nikaeleza sheria kwa sauti ili dirisha nalo lisikie. Nikachanganya karata. Nikagawa.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niseme: karata ya Chui niliipeleka kwa shefu makusudi. Mikono ya fundi cherehani inajua kuficha mshono. Nilitaka aonje. Nilitaka mtu mkubwa wa kola ngumu ajue vile inavyokuwa kukaa na siri na kutazamwa. Niliona ni jambo la kuchekesha sana.

Usiku wa kwanza nikaita Chui. Shefu akafumbua macho, tukabaki tunatazamana, mimi na yeye peke yetu katika kijiji cha vipofu. Alikuwa kama mwanafunzi anayeiba jibu. Akamwonyesha Abdoul. Maskini Abdoul, kila Chui anaanza na yeye.

Asubuhi walibishana kidogo, kwa adabu, kwa sababu ya shefu. Mama Léontine aliongea kwa woga mwanzoni, halafu akasahau. Alianza kumhoji Octave kuhusu jasho! Wakamfukuza Octave tena. Hakuwa Chui. Dirisha likacheka. Nikaona Mama Léontine anacheka mkono mdomoni, kisha anakumbuka amekuja kufanya nini, anakunja uso.

Usiku wa pili shefu akamla Aurélie. Safari hii kidole hakikusita.

Wakabaki wanne: shefu, Mama Léontine, Mama Victorine, Yves. Sasa Yves, ambaye hana akili ya uongo hata chembe, akasema tu jambo aliloona: shefu amekaa kimya sana leo, na yeye nyumbani kwake husema sana. Wote wakageuka kumtazama shefu. Dirisha pia. Niliona jasho kwenye ile kola niliyoishona mimi.

Hapo ndipo shefu akajitetea. Hakutafuta mbali. Alinyosha mkono kuelekea Mama Victorine, akasema kwa ile sauti yake ya mikutano:

"Tunatafuta nini, jamani? Kila mutu wa hii kartie anajua nani. Tangu ile radi, anajua."

Haikuwa tena mchezo, au ilikuwa, sijui. Mimi peke yangu nilijua anamsema mama huyu ili kujificha yeye. Mimi nilimpa ile karata. Na mwenye kuongoza haruhusiwi kusema neno — sheria nilizisoma mwenyewe kwa sauti. Na hata nikivunja sheria, nitasema nini? Kwamba nilipanga karata? Dirisha lingesema: mmeona, iko na mikono ya hila, na yeye ni mmoja wao.

Mama Léontine alikuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Alisema polepole ndiyo, ndiyo, sasa shefu amesema.

Mama Victorine hakuinuka. Aliweka viganja vyake viwili mezani, unga bado kwenye kucha.

"Shefu, asante," akasema. "Tangu mvua watu wanasema hii neno, hakuna aliyenipa mbele ya uso. Leo umenipa. Sasa ni zamu yangu kujibu. Miye siko Chui. Ile radi niliisikia nikiwa chini ya kitanda, na kesho yake nilimupelekea Léontine mikate, watu wa kwake wakaikataa mlangoni. Hiyo ndiyo yote ninajua. Weye je? Unajua nini, zaidi ya ile kila mutu anajua?"

Shefu akafungua mdomo. Na hapo hapo — adhana.

Sijawahi kuona mtu anafurahia kuitwa kusali namna ile. Ameinuka, Abdoul nyuma yake, na nusu ya dirisha. Tukakubaliana karata zibaki mezani zimefunikwa, kila mtu aone kwamba hakuna anayezigusa. Wakirudi, vidole.

Walipotoka nilimsogelea Mama Victorine. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaniwekea kiganja kwenye mkono, akasema nisimwambie kitu, akijua kwa njia hiyo atakuwa hajashinda, atakuwa amesaidiwa. Kisha akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Nimempa. Amekunywa yote.

Mama Léontine yeye hakutoka, ni mkristo, hana pa kwenda. Wamebaki wawili tu mezani, na Yves katikati yao kama mtu aliyekalia miiba. Kutoka hapa nawaona kwa ufa wa pazia. Dakika hii Mama Léontine amesema kitu. Sikusikia vizuri — nadhani aliuliza ile mikate ilikuwa ya siku gani. Mama Victorine amejibu bila kumtazama: asubuhi yake tu, ilikuwa bado ya moto. Mama Léontine amesema yeye aliambiwa ililetwa kabla. Kabla ya radi. Kwamba ndiyo iliyoita.

Mama Victorine sasa anamtazama.

"Nani alikuambia?"

Mama Léontine anachezea pembe ya kitenge chake.

Wanarudi. Nasikia viatu. Dirisha limejaa tena, watu wa nyuma wanauliza wa mbele wamefikia wapi.

Shefu mwenyewe amesimama mlangoni mwa hiki chumba, kofia ya sala bado kichwani. Nimefunika daftari kwa kitenge. Ameangalia nyuma kama kuna anayesikia. Kisha ameniuliza, sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia:

"Fundi Mounira, ule Chui… anaweza kujitaja mwenyewe?"

Nimemwambia nimezisoma sheria zote, mbele na nyuma. Hazisemi.

Ameitikia kwa kichwa. Amekwenda kukaa. Wananiita.